Baiskeli Niliyopewa Siku ya Kuagwa

Bhoke, ambaye sasa ndiye mkuu wa karakana yetu ya baiskeli pale Bunda, ameniomba niwaandikie ninyi mafundi mnaobaki. Kasema nianze na siku ya kwanza, niwaeleze vifaa, niwaeleze mwalimu wangu, halafu nimalizie kwa ushauri. Nitamfuata, maana yeye ndiye mkuu na mimi ni mstaafu. Ila mjue mapema kwamba naandika nikiwa na hasira. Mkinisoma mpaka mwisho mtaona nimeigawa kwa haki, na fungu kubwa nimejibakizia mwenyewe.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa shati jeupe na viatu vya kung'aa. Nilikuwa nimetoka nyumbani Suguti, nimeambiwa nimepata kazi kwenye mradi wa afya vijijini, na kwa akili yangu mtu akisema mradi alikuwa anamaanisha meza na feni. Mzee Wambura, fundi mkuu, mtu wa Butiama mwenye viganja vipana, aliniangalia toka juu mpaka chini. "Kijana, umekuja kubatizwa?" Akanipa ndoo ya gololi kuukuu zilizoganda kwenye grisi nyeusi, nizioshe kwa mafuta ya taa na kuzitenga kwa ukubwa. Kufika saa sita mchana shati lilikuwa halitazamiki. Mama alilifua mara tatu, kisha akalifanya dekio.

Kwa mlioingia juzi: kazi ya karakana ilikuwa, na bado ni, kutunza baiskeli za wahudumu wa afya wa vijijini. Hawa ni watu wanaojitolea. Wanazunguka kaya kwa kaya na dawa za watoto na mzani wa kuwapimia uzito, huko Butiama, huko Musoma vijijini, mpaka Kibara kando ya ziwa. Baiskeli ikimharibikia mmoja wao, kuna kitongoji ambacho wiki hiyo hakitembelewi. Mzee Wambura alinikaririsha hilo kabla hajanionyesha spana.

Spana zenyewe zilikuwa chache, na mbili kati yake zilikuwa zimechongwa upya kwa tupa. Mashine ya kunyooshea rimu hatukuwa nayo. Tulichukua foko ya baiskeli iliyokufa, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, tukaibana kwenye jiriwa kichwa chini, tukaweka gurudumu ndani, tukalizungusha huku tumeshika kipande cha chaki karibu na rimu. Palipogusa chaki ndipo palipopinda. Chaki hizo Mzee Wambura alizitunza kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo lilikuwa na kazi nyingine kubwa zaidi. Baiskeli isiyofaa kutoka, iwe mpya iwe ya zamani, iwe ya mhudumu iwe ya padri, aliiandika kwenye fremu kwa herufi kubwa: HAIFAI. Ikishaandikwa hivyo, hata meneja hakuigusa.

Halafu kulikuwa na mchanga. Mfuko wa mchanga, mzito kama mama mtu mzima, ulikaa nyuma ya mlango. Baiskeli ikimalizika kutengenezwa, fundi aliyeitengeneza aliufunga ule mfuko kwenye keria kwa mpira, akapanda yeye mwenyewe, akateremka mteremko wa kuelekea Nyasura, akageuka, akaupandisha. Akirudi mzima anaandika kwenye daftari: tarehe, namba ya fremu, ubovu uliokuwepo, na safu ya mwisho kabisa, "aliyeipanda". Anaweka jina lake. Watu wa Nyasura walituzoea. Walituita wachunga mchanga, na watoto wao walitukimbilia wakisukuma ule mfuko kwa nyuma tukizidiwa.

Mara moja tu nilijaribu kukwepa. Mvua ilikuwa inanyesha, nikaandika jina langu kwenye daftari bila kupanda. Mzee Wambura akainama, akaangalia tairi, akaona kavu. Hakugomba. Alisema, "Magesa, hii ni ya mama wa kule Kibara. Sisi tunaandikaga jina ili akianguka tujue wa kumwendea. Sasa unataka nimwendee nani?" Nikabeba mchanga kwenye mvua mpaka Nyasura na kurudi, na mfuko ukilowa unakuwa mwingine kabisa. Sikurudia tena.

Kesi ngumu zilikuwepo nyingi. Kulikuwa na mhudumu mmoja wa Kibara ambaye rimu zake zilikuwa zinaoza kila baada ya miezi michache. Tulibadilisha, tulilaumu kiwanda, tulilaumu hewa ya ziwa. Mwisho nilikwenda mwenyewe, nikamkuta anaisukuma baiskeli ndani ya maji mpaka magurudumu yanazama, anaiosha kwa upendo kabisa, anaianika pamoja na dagaa. Kulikuwa na katekista wa Butiama aliyefunga keria tatu, moja juu ya nyingine, akashangaa kwa nini spoku za nyuma zinakatika. Nawaambia haya mjue kwamba wateja wetu walikosea na tuliwasema, na wao walitusema. Tulikuwa tunasemana.

Mzee Wambura alipostaafu alinikabidhi kopo la chaki, na miaka michache baadaye tukamzika kwao Butiama. Mimi nikaja kumpokea Bhoke, binti wa chuo cha ufundi, aliyeingia siku ya kwanza amevaa ovaroli tayari. Nilimwonea wivu. Aliuliza maswali mpaka nikawa najificha stoo, na alipoandika HAIFAI aliiandika kubwa kuliko mwalimu wangu.

Sasa tuje kwenye hizi baiskeli za kwenye simu.

Miaka yangu ya mwisho kazini watu walianza kutuletea masanduku. Mtu kaona picha kwenye mtandao: baiskeli inaitwa kruza, hendeli pana zimepinda kama pembe za ng'ombe, tairi nene, kiti kipana chenye springi, rangi ya kijani ya kupendeza, na msichana amekaa juu anacheka ufukweni. Bei ya chee. Anaagiza, linakuja sanduku kwa basi mpaka stendi ya Bunda, analeta kwetu tumuungie, maana ndani mna vipande na karatasi ya maelekezo ambayo hakuna mtu mkoa huu anayeweza kuisoma. Nati zimepungua. Pedeli ni plastiki. Spana waliyoweka humo inapinda kabla nati haijalegea. Tairi ni saizi ambayo huipati Bunda, huipati Musoma, ukiipata ni kwa kuagiza baiskeli nyingine nzima.

Breki ndiyo ilikuwa inanipandisha damu kichwani. Hazina breki ya mkono, unasimama kwa kukanyaga pedeli kinyumenyume. Wenzetu wa huko zinakotoka labda wamezoea. Sisi huku mtu akiteremka kilima anapumzika kwa kurudisha pedeli nyuma, anazichezea tu, ndivyo tulivyojifunza tangu utotoni, tukiendesha kwa kupitisha mguu chini ya mtalimbo. Ukifanya hivyo kwenye kruza, gurudumu linaganda na wewe unaendelea na safari peke yako. Na keria hakuna. Hakuna hata tundu la kufungia keria. Jamani, baiskeli isiyobeba kitu, huku Mara, ni ya kumpeleka nani wapi?

Mteja mmoja nilimsaidia kupiga simu tuirudishe. Tulijibiwa kwa ujumbe: mteja mpendwa, pole kwa usumbufu, irudishe ndani ya sanduku lake la awali. Kwenye sanduku la awali mkewe alikuwa ameshaweka vifaranga. Tukapiga tena, namba haipatikani. Nilitukana siku ile, na Bhoke ni shahidi.

Mnanijua basi nilivyozichukia. Ndiyo maana mliponiaga mlinipa moja.

Najua haikuwa dhihaka. Meneja ndiye aliyeagiza, alitaka kunishangaza, na ninyi mlichanga kwa moyo safi. Mliivika kitenge, kwaya ikaimba, mke wangu Mama Nyangeta amekaa mbele amependeza, akina mama wakapiga vigelegele kitenge kilipovutwa. Kruza ya kijani. Nikaikaribia nikitabasamu, na mkono wangu ukafanya kile ambacho umefanya kwa miaka thelathini na moja bila kuniomba ruhusa. Kidole gumba kikapita chini ya shingo ya foko, pale miguu miwili inapochomelewa kwenye bomba la kati. Rangi ilikuwa nene mahali pale, ina vinundu. Kwa upande wa nyuma kidole kikaingia kwenye ufa. Hawakuzungusha mchomeleo. Walichomelea mbele tu panapoonekana, nyuma wakaziba kwa rangi.

Nilijua pale pale. Hilo nataka lieleweke kabisa.

Kwetu mtu akipewa zawadi haigeuzigeuzi mbele ya aliyempa. Akipewa kuku hapapasi kidari. Nilivyolelewa, kukagua zawadi ni kumwambia mwenzako kwamba humwamini. Nikakitoa kidole. Meneja akaniuliza kwa kipaza sauti, "Fundi Magesa, unaionaje? Maana ukiipitisha wewe, wahudumu wetu wote vijijini tunawaletea kama hii." Watu wakacheka, wakapiga makofi. Nikasema, "Ni nzuri. Nashukuru sana." Nikaipanda, nikazunguka uwanja mara mbili, bila mchanga, nimepigwa picha nimeinua mkono mmoja. Daftari lilikuwa ndani limefungwa.

Nikaipakia kwenye gari tukahamia nyumbani Suguti. Nilijiambia nitampelekea fundi wa kuchomelea hapo kijijini aizungushie vizuri. Sikumpelekea. Niliona aibu, yule kijana ana ndugu Bunda, habari ingefika kwamba zawadi ya Fundi Magesa ilichomelewa kabla haijamaliza mwezi. Nikatia grisi kwenye habu, nikakaza nati, nikajidanganya na kazi ndogondogo. Mke wangu ni mhudumu wa afya wa kijiji chetu, na baiskeli yake ya zamani, ile ya chuma yenye keria, alikuwa amempa binti yetu Nyangeta aliyeolewa Kibara, akisema sasa tunayo mpya. Nilimwambia, "Hii ya kijani usipakie mzigo." Sikumwambia kwa nini. Mwanamke mwenye mzani na begi la dawa unamwambia asipakie mzigo, na yeye kazi yake ni mzigo.

Asubuhi moja mimi nikiwa shambani alifunga mzani na begi kwenye hendeli, kwa kuwa nyuma hakuna pa kufungia. Alikuwa anateremka kuelekea mtoni. Foko ikakatika pale pale kwenye ufa. Jirani aliyekuwa anachunga mbuzi ndiye aliyekuja kuniita, na aliponieleza "gurudumu limetoka na miguu yake", sikuuliza swali hata moja. Nilimkuta mke wangu amekaa kwenye nyasi, ameshika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, mdomo umejaa damu. Meno mawili ya mbele. Mfupa wa mkono umevunjika juu kidogo ya kiganja. Mzani ulikuwa mzima, na aliniambia kwanza habari za mzani.

Hospitali ya Musoma walimfunga plasta. Tulipokuwa tumekaa kwenye benchi tukisubiri dawa, akaniangalia.

"Baba Nyangeta, ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kwenye sherehe. Niliigusa nikajua."

Nilitamani anipigie kelele, watu wageuke. Badala yake alitoa simu kwa mkono wake mzima, akanionyesha kundi la wahudumu wa afya, lile wanalotumiana taarifa. Kulikuwa na picha yangu, nimeinua mkono mmoja juu ya kruza ya kijani. Chini yake ofisi imeandika: Wapendwa, baiskeli zenu mpya zinaagizwa Jumatatu, ni aina hii hii aliyoipitisha Fundi Magesa. Na chini yake wanawake na wanaume wa kutoka Butiama mpaka Kibara, wote ninaowafahamu kwa majina na kwa ubovu wa baiskeli zao, wameshukuru. Mmoja kaandika: kama mzee wetu kaipanda mwenyewe, sina hofu.

"Leo Ijumaa," mke wangu akasema. Meno hayapo, maneno yalikuwa yanapita kwa shida. "Mimi dada yangu yuko hapa mjini, atanichukua. Wewe nenda Bunda."

Nilirudi Suguti mara moja, nikaichukua ile foko pande zote mbili, nikazitia kwenye kiroba, na asubuhi yake nikateremka stendi ya Bunda. Mnanikumbuka nilivyoingia. Mlisema, "Shikamoo, Fundi," na sikuwaitikia wote, mnisamehe. Meneja alikuwa karakana anaongea na Bhoke, na karatasi za oda ziko mkononi. Nikamwaga kiroba juu ya meza ya kazi.

Meneja aliangalia vile vyuma. Alinipa pole, aliuliza hali ya mama, kwa dhati kabisa. Halafu akasema, "Lakini mzee, wewe mwenyewe ulisema ni nzuri. Tulikuuliza mbele ya watu. Picha tunayo."

Hapo ndipo hasira niliyokuja nayo ilipokosa pa kwenda. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia yeye, na ya kuwaambia wale wauzaji wa kwenye simu wanaoziba ufa kwa rangi ya kijani. Wauzaji wale ni wezi, hilo nalisema leo na kesho. Kuficha ufa shingoni mwa foko ni kumtegea mtu mtego, na mtu mwenyewe hawamjui hata jina. Lakini wao hawakuwahi kuniambia kwamba mkono wangu umekosea. Nilijiambia mwenyewe.

Nikasema, "Nilidanganya. Niliuona ufa, nikasema ni nzuri. Andika hivyo kwenye karatasi zako."

Bhoke alikuwa amechukua kile kichwa cha foko, anapitisha kidole gumba pale pale nilipopitisha changu.

"Mimi ndiye niliyeiunga, Fundi," akasema. "Na mimi niliuona. Nikataka kuipanda na mchanga, sikupata pa kuufunga, keria hakuna. Nikaambiwa nisiichubue, ni zawadi. Nikasema siku ya sherehe mzee ataigusa tu, huwaga haachi kugusa, akiona kitu atasema. Nikakuona umegusa. Ukanyamaza. Nikasema kama yeye karidhika, mimi ni nani."

Alikuwa analia, na simlaumu, lakini nilimkasirikia hata hivyo. Nilimkasirikia kwa kuwa alinifuata mimi badala ya kidole chake. Nilimwambia hivyo mbele yenu, na sasa nawaambia ninyi wote kwa maandishi: mkiona ufa, semeni, hata kama mwenye baiskeli ni mzee wenu na kwaya inaimba.

Meneja alizikunja zile karatasi akaziweka mfukoni. Hazikutoka Jumatatu, na mpaka leo hazijatoka. Wahudumu wamekasirika, wanadhani mradi umewanyima, na wengine wamenipigia simu kunilaumu mimi. Nawaitikia. Watapata za chuma zenye keria, zikichelewa wanisute.

Kabla sijaondoka nilimwambia Bhoke alete daftari. Alipitia kurasa, kruza ya kijani haikuwemo, maana haikutoka kama baiskeli, ilitoka kama zawadi. Nikamwambia aiandike sasa. Akaandika tarehe na namba ya fremu, na kwenye safu ya ubovu akaandika: foko haikuzungushiwa mchomeleo. Kisha akafungua kopo la maziwa, akachukua chaki, na kwa kuwa fremu ilikuwa imebaki Suguti, akaandika HAIFAI juu ya meza, pembeni ya vile vyuma.

Akanigeuzia daftari niweke jina langu kwenye safu ya mwisho, kama zamani. Nilishika kalamu nikaangalia neno lile, aliyeipanda. Mimi nilizunguka nayo uwanja mara mbili bila mzigo wowote. Nikaandika jina la mke wangu.